Kijipu cha Paja na Pumzi Iliyokatika

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu anaishi San Diego, Marekani, na kwa miaka kadhaa amekuwa akijidunga heroini. Wiki iliyopita alilalamika kwamba anaona vitu viwili viwili na hawezi kumeza hata mate. Hospitali ya kwanza ikamrudisha nyumbani ikidhani amelewa. Kesho yake pumzi ikamkatika, na sasa yuko kwenye mashine. Tunaambiwa ni botulizimu ya jeraha, ilhali jeraha lenyewe ni kijipu tu cha pajani. Inawezekanaje? Na je, anatusikia?
Dada mtu, Tanga

JIBU: Marahaba, na pole sana. Kijipu hicho kinatosha. Bakteria wa ugonjwa huu, ambao sumu yao hupooza misuli, hukaa udongoni wamejifungia katika ganda gumu, mithili ya mbegu, na huweza kuingia katika heroini inapotengenezwa, inapochanganywa au inaposafirishwa. Kuipasha moto kijikoni kabla ya kuidunga hakuwaui. California, ambako tangu miaka ya 1990 ndiko wanakoonekana wengi wa wagonjwa hawa nchini Marekani, huuzwa heroini nyeusi inayonata kama lami. Hiyo huharibu mishipa ya damu, na mtu akikosa mshipa huidunga chini ya ngozi au msulini, mahali pasipofika hewa, ambapo mbegu zile huchipua na kutoa sumu.

Sumu husafiri na damu hadi neva inapokutana na msuli, ikazuia kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo ndiyo huuamuru msuli ukaze. Kupooza huanzia juu: kope hulegea, ulimi huwa mzito, kisha shingo, mikono, na hatimaye misuli ya kifua na kiwambo cha chini ya mapafu. Mapafu yanaweza kuwa mazima kabisa, ila hayana wa kuyatanua, na ndiyo sababu naloksoni, ambayo humzindua aliyezidisha heroini, haifui dafu hapa. Aliyezidisha heroini mboni zake husinyaa na fahamu humpotea. Huyu, kwa maelezo yako, aliwasimulia hali yake kwa akili timamu, na hilo peke yake lilitosha kuwashtua wahudumu wa hospitali ile ya kwanza.

Dawa yake ni antitoksini, inayonasa sumu iliyo bado katika damu lakini isiyoweza kuing'oa iliyokwisha kuingia nevani, kwa hiyo hutolewa kwa dalili tu, bila kungoja majibu ya maabara. Jipu nalo hupasuliwa na kusafishwa. Baada ya hapo ni kungoja neva ziote ncha mpya, kazi ya wiki au miezi. Akipona, asidhani amepata kinga, kwa maana ugonjwa huu humrudia mtu yuleyule.

Kuhusu kusikia: ndiyo, isipokuwa pale anapopewa dawa za usingizi, kwani sumu hii haigusi masikio wala akili. Waambieni walio kitandani pake wamwinue kope kwa kidole, taratibu, aone ni nani anayezungumza naye, na habari za gharama za hospitali wakazizungumzie nje.