Maswali ya Wasomaji: Mti wa Msafiri

SWALI: Kila jani jipya la mti wangu wa msafiri hutoka zima, lakini baada ya wiki chache limechanika kama kitambaa kikuukuu. Nipulize dawa gani?

JIBU: Usipulize chochote, huo ni upepo tu. Wengi huuita mti huu mnazi au mtende, kumbe jamaa zake wa karibu wako upande wa mgomba. Jina lake la kitaalamu ni Ravenala madagascariensis, wa familia ya Strelitziaceae, na asili yake ni Madagaska. Litazame jani: uti mnene katikati, na vishipa vyembamba vilivyopangana sambamba hadi ukingoni. Ukingo wenyewe haujafungwa na kitu, kwa hiyo upepo ukivuma jani hupasuka kati ya kishipa na kishipa. Likishachanika, upepo hupita humo na jani huendelea na kazi yake. Kosa kubwa ni kuyakata majani ya kijani ili mti upendeze. Mti hubaki na chakula kidogo, na umbo lake la upepeo linaharibika. Kata yaliyokauka tu.

SWALI: Niliambiwa upepeo wake siku zote huelekea mashariki na magharibi. Wangu umeubana ukuta. Naweza kuugeuza?

JIBU: Hiyo habari ya dira msiitegemee. Jani moja hutoka kushoto, linalofuata kulia, tena kushoto, yote kwenye mstari mmoja. Ndiyo maana mti huwa bapa kama upepeo. Uelekeo wake hutokana na jinsi mche ulivyowekwa shimoni, na mti mkubwa haugeuziki.

Kwa hiyo subiri mche uwe na majani manne au matano, mstari uonekane wazi. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, changanya udongo na ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri, simamisha mche, kisha rudi nyuma hatua kadhaa na uutazame kutoka pale utakapokuwa unakaa. Zungusha mpaka uso wa upepeo ukukabili, ndipo ufukie. Upande wa kingo za upepeo acha angalau mita 4 hadi ukutani, maana jani pamoja na kikonyo chake hupita urefu huo kwa urahisi. Maji yasituame shimoni, mizizi itaoza.

Machipukizi ya pembeni nayo huharibu umbo, kwani kila moja huota na upepeo wake. Yang'oe yakiwa bado chini ya goti: fukua hadi yanapoungana na mama, kata kwa panga safi, na kila chipukizi libaki na mizizi yake. Punguza majani yake nusu kabla ya kulipanda.

SWALI: Ni kweli msafiri anaweza kunywa maji yake?

JIBU: Maji yapo. Vitako vya vikonyo vimekunjika kama vikombe na mvua hutuama humo. Lakini chungulia ndani: majani yaliyooza, wadudu waliokufa, na mara nyingi viluwiluwi vya mbu wanaochezacheza juu ya maji. Si maji ya kunywa bila kuchemshwa. Karibu na nyumba, suuza vikombe hivyo kwa mpira wa maji kila wiki, mbu wasipate muda wa kukomaa. Usitoboe kitako, kidonda hicho ni mlango wa uozo.

SWALI: Nitajuaje kama muuza miche hajanipa Strelitzia nicolai, mmea wa familia hiyo hiyo unaofanana nao?

JIBU: Miche michanga hufanana mno, hata wakulima hukosea. Mti ukizaa hapana ubishi. Tunda la ravenala ni gumu kama mbao, hupasuka pande tatu, na mbegu zake zimevikwa utando wa buluu kali, rangi adimu katika mimea. Za Strelitzia nicolai zina kishungi cha rangi ya chungwa. Maua ya ravenala ni meupe, na huko kwao lemuri, wanyama wanaofanana na kima, huyafuata kwa ajili ya nekta, wakabeba chavua usoni. Tofauti na mgomba, shina halifi baada ya kuzaa, kwani maua hutoka pembeni, kati ya majani, na ncha inayokua haiguswi.

Ukitaka kuotesha hizo mbegu, bandua utando wote, loweka siku moja au mbili katika maji ya uvuguvugu, fukia sentimita 1 hadi 2, na udongo uwe na joto la nyuzi 25 hadi 30. Huota baada ya wiki kadhaa, nyingine miezi, kwa hiyo usimwage udongo mapema.