Saa za Kazi Kwenye Mkataba wa Ajira: Ziandike Zihesabike

Mikataba mingi ya ajira huandika mshahara kwa tarakimu na kwa maneno, halafu saa za kazi zinapewa mstari mmoja: "Mfanyakazi atafanya kazi saa za kawaida za ofisi." Mstari huo haumsaidii mwajiri wala mwajiriwa. Mshahara ni bei, na kinachonunuliwa ni muda wa mtu. Usipojua unanunua muda kiasi gani, bei nayo hujaijua.

Kuna jaribio jepesi la kujua kama kipengele hiki kimekamilika. Mpe mkataba mtu asiyeifahamu kazi yenyewe, pamoja na daftari la mahudhurio la mwezi mmoja. Je, anaweza kukokotoa saa zipi ni za kawaida, zipi ni za ziada na siku ipi ilikuwa ya mapumziko, bila kumuuliza yeyote? Akikwama mahali, hapo ndipo ugomvi utakapoanzia.

Anza na sheria ya kazi ya nchi ambako kazi itafanyika, maana ndiyo inayoweka ukomo. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Ule wa mwaka 1921 ukadai mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo ndani ya kila siku 7. Nchi nyingi leo zina ukomo wa chini zaidi, kama saa 45 au 40. Ukiandika saa 50 pale sheria inaposema 45, sahihi ya mfanyakazi haitakuokoa.

Kisha piga hesabu, na hapa usiharakishe. Kosa tunalokutana nalo kuliko mengine yote ni namba zisizolingana: mkataba unasema saa 45 kwa wiki, lakini ratiba iliyo chini yake ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, na saa moja ya chakula isiyolipwa. Hizo ni saa 8 mara siku 5, yaani 40. Saa 5 zinaning'inia. Mwajiri atasema anazidai. Mfanyakazi atasema kila dakika baada ya saa ya 40 ni ya ziada. Wote wawili wana karatasi ya kuwaunga mkono.

Tofauti hiyo inaingia hadi kwenye malipo. Chukua mshahara wa 390,000 kwa mwezi. Saa 45 mara wiki 52, gawanya kwa miezi 12, ni saa 195 kwa mwezi. Kila saa ni 2,000. Kwa saa 40, wastani wa mwezi ni saa 173.33, na kila saa inakuwa 2,250. Ikiwa saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, mtu aliyefanya saa 10 za ziada anapata 30,000 kwa hesabu ya kwanza na 33,750 kwa ya pili. Kwa hiyo andika pia kigawanyo chenyewe: "Malipo ya saa moja ni mshahara wa mwezi ukigawanywa kwa 195." Sheria nyingine huweka kigawanyo chake, ikiwa ndivyo, nakili hicho.

Kiswahili kina mtego wake. "Saa 8 hadi saa 11" kwa mmoja ni mchana hadi jioni; kwa aliyezoea saa za kompyuta inaweza kuwa asubuhi. Andika kwa namna zote mbili kila mara: saa 2:00 asubuhi (08:00). Kwa zamu za usiku mtego ni mkubwa zaidi. Kwa hesabu ya asili siku huanza jua linapozama, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaofuata Alhamisi. Wengi siku hizi wanamaanisha unaofuata Ijumaa yenyewe. Usitumie maneno hayo kwenye ratiba. Andika: "kuanzia Ijumaa saa 4:00 usiku (22:00) hadi Jumamosi saa 12:00 asubuhi (06:00)." Taja pia zamu hiyo inahesabiwa kuwa ya siku gani, hasa kama Jumamosi ina malipo tofauti.

Mapumziko ya chakula yanahitaji mambo matatu: urefu wake, kama yanalipwa, na kama mfanyakazi yuko huru kuondoka. Hilo la tatu husahaulika. Mlinzi anayekula huku macho yake yakiwa getini hapumziki, na mpokea wageni anayejibu simu akiwa na sahani mkononi hali kadhalika. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930, unaohusu biashara na ofisi, unahesabu kuwa kazi ule muda ambao mtu yuko chini ya amri ya mwajiri. Kama hana wa kumpokea nafasi yake, lipa muda huo au mtafutie wa kumpokea.

Kwenye zamu, tazama mahali zamu mbili zinapokutana. Makabidhiano ya dakika 15 kila siku, siku 6 kwa wiki, ni saa 1 na nusu. Kwa wiki 52 ni saa 78 ambazo hakuna aliyeziandika. Tazama pia mzunguko. Anayetoka saa 4:00 usiku akirudi saa 12:00 asubuhi amebakiwa na saa 8 tu za kusafiri, kula, kulala na kusafiri tena. Umoja wa Ulaya unataka saa 11 mfululizo za mapumziko ndani ya kila saa 24, na kiwango hicho kinafaa kuigwa hata pale sheria iliponyamaza.

Sasa lile linaloumiza zaidi: "Mwajiri anaweza kubadilisha ratiba wakati wowote." Mwenye mtoto wa kupeleka shule au mzazi wa kuuguza hawezi kuishi na sentensi hiyo. Tenganisha vitu viwili. Idadi ya saa kwa wiki ibaki kwenye mkataba wenyewe, isibadilike bila pande zote mbili kusaini. Mpangilio wa siku na zamu uwe kwenye kiambatisho, ambacho mwajiri anaweza kukibadilisha kwa taarifa ya maandishi ya siku 14. Dharura zitajwe kwa majina: moto, mafuriko, kuharibika kwa mtambo. Neno "mahitaji ya kazi" likiingia kwenye orodha hiyo, linazimeza zote.

Kwa saa za ziada, taja nani anaidhinisha, kwa njia gani, na zinalipwa lini. Kama mshahara unasemekana kujumuisha saa za ziada, na sheria inaruhusu, andika idadi yake, kwa mfano "hadi saa 8 kwa mwezi". Anayetakiwa kuwa tayari kuitwa naye aandikiwe anapaswa kufika ndani ya dakika ngapi na muda wa kusubiri unalipwaje. Dakika 20 humfunga mtu karibu na kazini; saa 2 humwachia jioni yake.

Daftari la mahudhurio lisainiwe na pande zote mbili kila wiki, maana mwisho wa mwezi kumbukumbu zimeshafifia. Kama dakika zinakadiriwa kwenda robo saa iliyo karibu, ukadiriaji uende juu na chini sawasawa. Na kila toleo la kiambatisho cha ratiba lipewe namba, tarehe ya kuanza kutumika na sahihi mbili, huku la zamani likibaki kwenye faili.