Mnaouliza kama Shenyang kunakalika

Ndugu zangu, wengi mmeniuliza swali moja: huku Shenyang, kaskazini-mashariki mwa China, mgeni anaishije, na wenyeji wanatubagua? Nawajibu bila kuficha.

Pesa kwanza. Mwanafunzi hafanyi kazi bila kibali cha chuo na cha uhamiaji, na ualimu wa Kiingereza huwaendea zaidi wenye pasipoti za Uingereza, Marekani na kadhalika. Anayewaambia mtakuja kuchuma anawadanganya. Baridi nayo hupita nyuzi 20 chini ya sifuri.

Sasa wenyeji. Kutazamwa utatazamwa, na wazee watakuhoji umefuata nini. Msikasirike, watu hawa wana sababu. Mwaka 1895 Japani iliichukua Rasi ya Liaodong, kusini mwa hapa. Urusi, Ufaransa na Ujerumani zikailazimisha kuirudisha, kisha 1898 Urusi ikaikodi yenyewe na kuiunganisha kwa reli. Vita kati ya Urusi na Japani vikaanza 1904. Mapema 1905 askari zaidi ya nusu milioni walipambana kuuzunguka mji huu, wakati huo Mukden. Serikali ya Beijing ilikuwa imetangaza kwamba haina upande, ndani ya nchi yake yenyewe! Hilo huniuma kila nikilifikiria. Mapatano yakafanyika Portsmouth, Marekani, na China haikuwemo.

Tarehe 18 Septemba 1931 maofisa wa Kijapani walilipua reli ya kwao wenyewe nje kidogo ya mji, wakawasingizia Wachina, kisha wakaiteka Manchuria yote, yaani eneo hili la kaskazini-mashariki. Hadi leo, kila tarehe hiyo, saa tatu na dakika 18 asubuhi, ving'ora hulia. Nilikuwa ndani ya teksi: dereva alisimama katikati ya barabara, akazima redio, akabonyeza honi bila kuiachia mpaka ving'ora vikakoma.

Jirani yangu, mzee mstaafu, nilimsimulia jinsi Wajerumani na Waingereza walivyopigana kwetu 1914 hadi 1918, babu zetu wakibebeshwa mizigo hadi kufa. Akauliza, "Nyinyi mlikuwa upande gani?" Nikamwambia hatukuulizwa. Tangu siku ile hunitambulisha kwa wenzake kama mtu wa kwake.

Ubaguzi upo, hasa ukitafuta nyumba: mmoja alinifungia mlango aliponiona tu. Ila chuki ya mtaani sijakutana nayo. Anayekuja kusoma aje, aanze Kichina akiwa nyumbani, na koti anunue huku.