Malangali haikuwa ya misheni

Mnasema shule ya Malangali, kule Iringa, Tanzania, ilianzishwa na wamisionari. Hapana, haikuanzishwa nao. Ilikuwa shule ya serikali ya kikoloni, ilifunguliwa 1928, na mkuu wake alikuwa W. B. Mumford, ofisa wa idara ya elimu. Mwenyewe aliiandikia makala. Mpango wake ulikuwa wa aina yake: wanafunzi walivaa nguo za kienyeji badala ya kaptula, ngoma na kurusha mkuki vilikuwemo kwenye ratiba, na wazee walifundisha mila na historia. Nadhani mnaichanganya na shule ya Tosamaganga, pia ya Iringa, hiyo ndiyo ya Wakatoliki. Ila mjue 1928 Malangali haikuwa sekondari kwa maana ya leo. Kidato cha kwanza na kuendelea ni mambo ya baadaye.