Panda kwa hesabu ya ndoo: misimu minne ya mboga za jadi na tsukemono, Kameoka

Pembezoni mwa Kameoka, mji wa bondeni ulio magharibi ya jiji la Kyoto, palikuwa na kibanda cha mazao kando ya barabara ambako nilizoea kununua tsukemono, yaani mboga zilizolazwa katika chumvi au pumba mpaka zikaiva kwa kuchacha. Aliyezitengeneza alikuwa bibi mmoja wa zaidi ya miaka 80, ambaye shamba lake limepakana na kiwanja kidogo ninachokikodi kwa manispaa. Mwaka 2022 alinieleza kwamba hataendelea kuuza kwa muda mrefu, kwa kuwa sheria ya usafi wa chakula iliyorekebishwa, ambayo ilianza kutumika Juni 2021, ilimtaka kila muuzaji wa tsukemono awe na kibali na mahali pa kazi palipotimiza masharti, na muhula wa kujiandaa ungekwisha mwishoni mwa Mei 2024. Hakuona maana ya kujenga jiko jipya katika umri wake. "Wewe una shamba na una mikono," akaniambia, "tengeneza zako."

Nilianza vibaya, na kosa langu ndilo ninalotaka kumwepusha nalo msomaji anayefikiria kazi hii. Nilinunua mbegu na miche ya kila mboga ya jadi niliyoiona dukani, nikapanda kwanza, kisha nikaanza kujiuliza nitazihifadhi vipi. Mwezi Julai matango yalikomaa yote kwa wiki mbili, mabiringanya ya duara ya Kamo yakanenepa yasipate nafasi katika chombo chochote nyumbani, na mimi nilikuwa na ndoo moja ya lita 5. Tangu hapo hesabu yangu huanzia kwenye ndoo: ndoo hii itapokea nini, kwa siku ngapi, na mwezi gani itakuwa tupu? Nikishajua hayo ndipo ninapochukua jembe.

Kwa ndoo ya pumba ya majira ya joto, miche minne ya matango na miwili ya biringanya inaitosha familia ya watu watatu, na hubaki ya kugawa. Biringanya la Kamo, pamoja na sifa zake zote, lina nyama nzito na hupendeza zaidi likichomwa na kupakwa miso, yaani rojo zito la soya iliyochachushwa. La kuchachusha ni mizunasu, biringanya la eneo la Senshu kusini mwa Osaka, lenye ngozi nyororo na maji mengi kiasi kwamba wenyeji hulichana kwa mikono badala ya kulikata kwa kisu. Miche yake huingia ardhini mwezi Mei. Nunua iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa juu ya shina la mmea mwingine, ukiipata, hata kama bei yake ni kubwa, kwa sababu biringanya halipendi kurudishwa penye udongo uleule mwaka baada ya mwaka, na kiwanja cha kukodi hakina nafasi ya kulizungusha. Wakulima wa hapa husema biringanya hulelewa kwa maji, na kweli, wiki moja ya ukame mwezi Julai iligeuza ngozi za mabiringanya yangu kuwa ngumu kama za viatu. Mwisho wa Julai ninaukata mti karibu nusu, ninaweka mboji, na mwezi Septemba unazaa tena.

Sasa nije kwenye pumba zenyewe, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kitanda cha pumba, ambacho huitwa nukadoko, hutengenezwa kwa pumba laini za mchele, chumvi na maji, basi. Katika miji midogo ya Japani kuna vibanda vya mashine za kukoboa mchele zinazoendeshwa kwa sarafu, na nyuma ya vingi vyake pana chumba cha pumba ambazo mtu huruhusiwa kujichotea bure. Nilipompigia mama yangu simu Tanga nikamweleza kwamba ninakwenda kuchota pumba kwa ajili ya mboga zetu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa baba, huko kuku ni nani?" Ilinibidi nimweleze kwamba pumba haziliwi, mboga hufukiwa humo, hutolewa, huoshwa, na ndipo zikakatwa. Sidhani kama aliniamini.

Chukua pumba za siku hiyohiyo, kwa sababu zina mafuta na huvunda upesi. Zikikaa wiki moja kwenye joto hutoa harufu ya mafuta ya zamani ambayo haitoki tena. Kwa kilo 1 ya pumba mimi hutumia chumvi gramu 130 na maji lita 1, ambayo huchemshwa pamoja na chumvi na kuachwa yapoe kabisa. Changanya kwa mkono mpaka ukifumbata konzi ya pumba ishikamane na maji yajitokeze kidogo tu katikati ya vidole. Ongeza kipande cha mwani mkavu wa kombu chenye urefu wa kiganja na pilipili kavu mbili au tatu. Halafu kwa muda wa siku 10 hadi wiki mbili, fukia mboga za kutupa, kama vile majani ya nje ya kabichi au vichwa vya figili, na uzibadilishe kila baada ya siku tatu au nne. Mboga hizo hazina kazi ya kuliwa. Kazi yake ni kuleta bakteria na kuwalisha. Siku za mwanzo utasikia harufu ya pumba mbichi na chumvi kali, na siku moja asubuhi utafunua kifuniko ukute uchachu mwepesi, unaokaribiana na wa togwa lililolala usiku mmoja. Kuanzia hapo kitanda kiko tayari.

Niliandika gramu 130 kwa makusudi. Mama yangu hutia chumvi kwenye achari ya ndimu kwa kiganja na macho, na sijawahi kuiona achari yake ikiharibika, kwa sababu humo mna chumvi nyingi, ndimu na jua kali, na kukosea kidogo hakudhuru. Mimi nilijaribu kiganja chake katika kitanda changu cha kwanza. Siku ya nne ya joto la Julai nilifunua ndoo nikakutana na harufu ya maji ya mtaro, na kitanda kizima kikaenda kuwa mboji. Nunua mizani ya jikoni kabla hujanunua mbegu.

Baada ya hapo kinachobaki ni kukoroga, tena kila siku, na katika joto la Agosti mara mbili. Bakteria wanaoleta uchachu mzuri hupenda kuishi chini, mahali pasipo na hewa, ilhali hamira za mwitu hupenda juu, penye hewa. Ukiviacha vikae hivyo, kila upande hutawala eneo lake na ladha huharibika. Kwa hiyo mkono ushuke mpaka chini kabisa, ulete pumba za chini juu na kuzipeleka za juu chini, kisha usawazishe uso kwa kuugandamiza na ufute kuta za ndoo kwa kitambaa safi, kwa sababu ukungu huanzia kwenye vipande vilivyoganda ukutani. Utando mwepesi mweupe juu si msiba. Uchanganye ndani ukiwa mwembamba, ukwangue na kuutupa ukiwa mnene. Harufu ya rangi ya mafuta maana yake hamira zimezidi: ongeza chumvi kidogo na uihamishe ndoo mahali penye ubaridi. Kitanda kikiwa kichachu mno, maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa huupunguza uchachu huo. Kikilegea kwa maji ya mboga, ongeza gramu 100 za pumba kavu na takriban gramu 8 za chumvi. Lakini ukiona ukungu wenye rangi, mweusi au wa kijani, ulioshuka ndani, usihangaike kuokoa.

Tango lililosuguliwa chumvi huiva kwa saa 8 hadi 12 katika joto, na biringanya kwa takriban siku moja. Tatizo la biringanya ni rangi: linaingia likiwa zambarau inayong'aa, linatoka likiwa na rangi ya matope. Bibi alinipa msumari wa chuma wenye kutu, ulioshwa na kuchemshwa, akaniambia niufukie ndani ya pumba. Madini ya chuma huishikilia rangi ya ngozi ya biringanya isipotee, na tangu hapo nimekuwa nikiuhesabu msumari huo kila ninapokoroga, kama vile daktari anavyohesabu mikasi yake.

Majira ya baridi yana ndoo nyingine. Figili ndefu ya takuan, yaani tsukemono ya figili iliyokaushwa na kulazwa katika pumba, hupandwa mwanzoni mwa Septemba, na kwa shughuli hiyo ninapendelea aina ya Nerima, iliyopewa jina la eneo la Tokyo ambako ilikuwa ikilimwa kwa wingi. Wajapani husema figili ni kulima mara kumi. Mimi nililima mara mbili, nikaweka samadi ambayo haijaoza vizuri, na mwezi Novemba nikavuna figili zenye miguu miwili na mitatu. Lainisha udongo kina cha mkono mzima, ondoa mawe, weka mbegu nne kila shimo kwa umbali wa sentimita 30, na upunguze hatua kwa hatua mpaka ubaki mche mmoja. Majani ya miche unayong'oa ni mboga tamu kwa chumvi kidogo. Jiandae pia kwa kazi ya kung'oa, kwa sababu figili ya Nerima imenenepa katikati na inashikilia ardhi kama inakudai. Hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya wakulima wengi waigeukie figili fupi yenye shingo ya kijani.

Figili hizo hufungwa mbili mbili kwa majani yake na kutundikwa kwa muda wa siku 10 hadi 14, mpaka ziwe laini kiasi cha kukunjwa kama upinde bila kuvunjika. Kameoka ina ukungu mzito wa asubuhi kuanzia mwisho wa vuli, mzito kiasi cha kutoona nyumba ya jirani saa tatu asubuhi, na mwaka wa kwanza nilizitundika uwanjani nikajisifu kwa mpangilio wake. Siku ya sita zilikuwa na madoa meusi. Sasa hukaa chini ya paa, upande unaopigwa na upepo, na jioni ninazifunika. Zikishakauka, kwa kilo 5 za figili ninatumia gramu 300 za chumvi na gramu 800 za pumba, pamoja na maganda makavu ya matunda ya kaki kwa ajili ya utamu, na juu yake jiwe lenye uzito mara mbili ya figili. Maji yakipanda juu ya figili, uzito hupunguzwa nusu. Zikikosa kuzamishwa kwa maji yake ndani ya siku chache, ongeza maji ya chumvi mara moja.

Kabu ya Shogoin, mboga ya mizizi ya duara nyeupe inayoweza kufika kilo 2 na zaidi, ndiyo fahari ya bonde hili, na ndiyo hutengenezewa senmaizuke, tsukemono ya Kyoto. Hukatwa vipande vyembamba vya milimita 2 au 3, vyenye upana wa sahani ya kikombe, vikalazwa usiku kucha katika chumvi ya asilimia 3 ya uzito wake, vikakamuliwa taratibu na kupangwa pamoja na kombu, siki na sukari kidogo. Baada ya siku mbili kombu hutoa ute, na kipande ukikiinua kwa vijiti kinavuta nyuzi. Ni tsukemono rahisi kuliko zote nilizozitaja, na ningemshauri anayeanza msimu wa baridi aanze na hiyo.

Hata hivyo, urahisi huo una sharti lake. Mboga zilizolazwa muda mfupi, asazuke, hazijapata uchachu wa kuzuia vijidudu hatari. Mwaka 2012 mjini Sapporo, asazuke ya kabichi ya Kichina ilieneza bakteria wa O157 na watu 8 wakafa. Osha mboga kwa maji yanayotiririka, jani kwa jani, osha vyombo kwa maji ya moto, weka kwenye jokofu, na ule ndani ya siku mbili au tatu.

Kuhusu mbegu nitasema jambo moja. Mizuna na mibuna, ambazo ni mboga za majani, pamoja na kabu na kabichi ya Kichina, ni ndugu wa karibu, na nyuki hawaangalii majina. Niliacha mibuna ichanue karibu na mizuna, nikavuna mbegu kwa furaha, na vuli iliyofuata nikapata majani ambayo nusu yalikuwa na meno ya mizuna na nusu yalikuwa laini kama mwiko. Acha aina moja tu ichanue kwa mwaka, au ufunike kwa chandarua. Figili haiingiliani nazo.

Wapo walioniuliza kama nukadoko inawezekana Dar es Salaam au Mombasa. Inawezekana kwa tango na biringanya za kawaida, mradi upate pumba laini zisizo na makapi, maana mashine nyingi za kukoboa huvichanganya, na chombo kikae kwenye jokofu, ambamo tango huchukua siku mbili au tatu na kukoroga mara mbili kwa wiki kunatosha.

Jokofu hilohilo ndilo hunisaidia ninaposafiri. Kabla ya kwenda Tanga Agosti iliyopita nilitoa kila kipande cha mboga, nikaongeza pumba kavu mpaka kitanda kikawa kigumu, nikafunika uso wote kwa chumvi unene wa kidole na kukiweka chini kabisa kwenye baridi. Baada ya wiki tatu niliikwangua ile chumvi pamoja na pumba za juu, nikafukia majani ya kabichi ya kutupa kwa siku nne, na siku ya tano nikaweka tango.