Kabla Hujachomeka Waya: Kufufua Runinga ya Rangi ya Zamani

Runinga ya rangi iliyokaa stoo miaka mingi haichomekwi kwenye umeme ili kuona kama inawaka. Nyingi hufia hapo. Kapasita zilizokauka hufanya saketi ya pawa ipandishe volti kupita kiasi, transista ya laini (ile inayoendesha mistari ya mlalo ya picha) inaungua, flaibeki (transfoma inayozalisha volti kubwa za tyubu) inaifuata, na yote hayo ni mambo ya sekunde chache.

Rezista, kapasita, transista na IC (chipu) nyingi bado zinapatikana madukani au kwenye bodi chakavu. Tyubu, yaani kioo chenyewe cha picha, na flaibeki ndizo ngumu kupata. Kwa hiyo utaratibu wote ulioelezwa hapa umepangwa kuvilinda vitu hivyo viwili. Tunazungumzia seti za transista za mfumo wa rangi wa PAL, inchi 20 hadi 26, zilizotengenezwa takriban kati ya 1975 na 1990. Bado zipo majumbani Pwani, hasa Unguja, ambako matangazo ya rangi yalianza mapema miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri runinga yake hadi miaka ya 1990.

Usalama kwanza, na hapa usiwe na haraka. Kapasita kubwa ya pawa, kwa kawaida ya 100 hadi 220 µF na volti 385 au 400, hubeba takriban volti 325 umeme wa ukutani ukiwa 230. Itoe chaji kwa rezista ya kilo-omu 1 hadi 2.2 yenye uwezo wa wati 10, kisha pima kwa mita kuhakikisha imeisha. Ukiishoti kwa bisibisi, cheche itachoma njia za bodi. Tyubu nayo hufanya kazi kwa volti 20,000 hadi 25,000 na inaweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya kuzimwa. Funga waya kwenye bisibisi ndefu yenye mpini mzuri wa plastiki, ncha ya pili uifunge kwenye waya wa kusuka unaopita juu ya rangi nyeusi nyuma ya tyubu, kisha ipenyeze ncha ya bisibisi chini ya kikombe cha mpira kilicho ubavuni. Subiri dakika chache urudie, kwa sababu kioo hurudisha sehemu ya chaji. Vaa miwani, na usiinue wala kuegemea tyubu kwa shingo yake.

Kuna hatari nyingine ambayo hata mafundi wazoefu huisahau. Seti nyingi za kipindi hicho chasi yake (upande wa ardhi wa saketi) ina umeme hai, na kugeuza plagi hakusaidii pale ambapo umeme unaingia kupitia dayodi nne. Tumia transfoma ya kutenga, 240 kwa 240, yenye uwezo wa VA 300 au zaidi. Bila hiyo, ukiunganisha waya wa ardhi wa osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) kwenye chasi, utapata mlipuko.

Ukishafungua, safisha. Kwetu Pwani vumbi limechanganyika na chumvi na hewa ina unyevu, kwa hiyo uchafu huo hupitisha umeme, hasa kuzunguka flaibeki, soketi ya shingo na kile kikombe cha mpira. Brashi laini ya rangi na blowa hutoa vumbi kavu. Sehemu za volti kubwa zifutwe kwa spiriti ya isopropili na ziachwe zikauke kabisa. Tafuta pia vinyesi vya mijusi na mende, maana vinyesi hivyo hula njia za shaba za bodi.

Sasa chukua kioo cha kukuzia ukague lehemu. Jointi kavu ndicho chanzo cha kasoro nyingi kuliko IC zinazosingiziwa. Hutokea kwenye vitu vizito na vinavyopata moto: miguu ya flaibeki, transfoma ndogo inayoisukuma transista ya laini, IC ya wima (inayotandaza picha juu hadi chini), rezista kubwa, na pini za plagi ya koili zilizo shingoni. Utaona duara jembamba jeusi kuzunguka mguu. Nyonya lehemu ya zamani yote, kwangua mguu, ndipo uweke mpya.

Usibadilishe kapasita zote kwa mkupuo. Ukibadilisha hamsini na seti isiwake, hujui kama kasoro ni ya zamani au ni ile uliyoiweka wewe. Anza na kapasita ndogo za elektrolitiki za upande wa pawa, zile za 1 hadi 100 µF zilizo karibu na vipoza joto, na uweke za daraja la 105 °C. Hizo ndizo zikikauka hufanya volti kuu ya 110 au 115, ile inayolisha saketi ya laini, ipande hadi 170 au zaidi.

Kapasita moja inastahili heshima ya pekee, nayo ni ile iliyofungwa kati ya kolekta na emita, miguu miwili ya transista ya laini. Ni ya polipropilini, ya volti 1,500 hadi 2,000, mara nyingi kati ya nF 5 na 12. Ndiyo inayoamua ukubwa wa pigo linaloingia kwenye flaibeki. Ikipungua thamani au mguu wake ukiachia, volti za tyubu hupanda ghafla. Flaibeki hutoboka, au shingo ya tyubu hupasuka. Ukiibadilisha, weka thamani ileile na aina ileile, bila kukisia.

Pima transista ya laini, kwa kawaida BU208A au BU508A, kati ya kolekta na emita. Mita ikilia pande zote mbili, imeungua, lakini usiweke mpya bado. Iache nje, funga balbu ya wati 60 ya waya, si ya LED, kati ya laini ya volti kuu na chasi, kisha washa. Balbu iwake kwa mwanga hafifu na mita isome volti zilizoandikwa kwenye mchoro au kwenye bodi. Zikiwa juu, kasoro iko kwenye pawa. Baadhi ya chasi hazitaanza hivyo kwa kuwa pawa yake husubiri mapigo kutoka saketi ya laini, kwa hiyo angalia mchoro kwanza.

Volti zikikaa sawa, toa balbu hiyo, rudisha transista (nzima, kama ya zamani iliungua), na uwashe kupitia balbu ya wati 100 iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme. Chomoa kwanza koili ya kuondoa sumaku, ile inayozunguka tyubu, la sivyo balbu itawaka kwa nguvu na kukudanganya. Jihadhari na BU508A bandia, maana hufa ndani ya dakika chache. Iliyotolewa kwenye seti chakavu mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei ya kutupa.

Ukipata mstari mmoja mweupe katikati, punguza mwanga mara moja kabla haujachoma fosfa, ule unga unaong'aa ndani ya kioo. Saketi ya wima imekufa. Kagua lehemu ya IC, kisha volti yake. Picha iliyobanwa chini huelekeza kwenye kapasita ya kutolea ya 1,000 au 2,200 µF. Iliyojikunja juu, mara nyingi ni ile ndogo ya 47 au 100 µF iliyo karibu na IC.

Kioo chote kikiwaka kwa nguvu kikiwa na mistari ya mshazari, wengi husema tyubu imekufa. Pima kwanza volti 180 hadi 200 za bodi ya shingoni. Rezista ya fyuzi iliyokatika huleta dalili hiyohiyo. Rangi moja ikikosekana, badilishana nyaya za nyekundu na bluu zinazoingia kwenye bodi hiyo. Kasoro ikihamia rangi nyingine, iko nyuma kwenye bodi kuu. Ikibaki palepale, ni transista ya bodi ya shingoni au tyubu yenyewe. Tyubu iliyochoka huhitaji dakika nyingi kupata mwanga, na sehemu nyeupe za picha huonekana kama zimepakwa fedha.

Picha isiyo na rangi kabisa: kagua kristali ya 4.43 au 8.86 MHz na trima yake (kapasita ndogo ya kurekebisha). Mistari ya rangi kama pazia la mbao ni saketi ya kuchelewesha ya mikrosekunde 64, na mara nyingi huhitaji marekebisho tu. Madoa ya rangi pembeni ni sumaku au posista (rezista inayodhibiti koili ya kuondoa sumaku) iliyokufa. Usiguse pete za sumaku za shingoni kabla hujaondoa sumaku, na ukilazimika, zipige alama kwa rangi ya kucha kwanza.

Seti nyingi hizi zina tundu la antena pekee, na matangazo ya analogia yameshazimwa. King'amuzi chenye AV kitahitaji modyuleta, kifaa kinachogeuza AV kuwa mawimbi ya antena. Iweke chaneli 36 ya UHF, kisha weka king'amuzi kwenye PAL na umbo la 4:3.