Ubishi wa bendi za roki: mmeniuliza, nawajibu

Toleo lililopita niliandika kwamba nikibanwa nitaje bendi tano tu za roki la zamani, nitataja Beatles, Rolling Stones, Led Zeppelin, Black Sabbath na Queen. Jamani, simu haijapumzika tangu siku ile. Ubishi huu ni kama ule wa Msondo na Sikinde, mtu yuko tayari kulala njaa lakini bendi yake isiguswe. Nimechukua barua nne.

*Anko, habari za kazi. Mimi na mjomba wangu tumebishana mpaka mama akatuzimia redio. Yeye anasema Queen umewaweka kwa sababu mwimbaji wao Freddie Mercury kazaliwa Unguja, angezaliwa kwingine usingemtaja. Mimi nikamwambia mbona Queen wanajulikana dunia nzima! Nani yuko sawa?* Msomaji wa Mbezi, Dar es Salaam

Mdogo wangu, mpe mjomba shikamoo yangu na umwambie swali lake ni la haki kabisa. Freddie alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi waliotoka Gujarat, baba yake alikuwa mfanyakazi wa serikali ya Waingereza. Bado mdogo akapelekwa shule ya bweni India, akarudi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Queen yenyewe imeanzia London mwaka 1970. Kwa hiyo najivunia kwamba katembea vichochoro vya Mji Mkongwe, najivunia sana, ila alama za bendi sizitoi kwa cheti cha kuzaliwa. Na wewe pia hapo umekosea kidogo, kujulikana peke yake si hoja, kuna bendi kibao zimejulikana na zimepita kama mvua za vuli.

Mimi najiuliza kitu kimoja tu, bendi ile ilipopita, waliokuja nyuma yake waliweza kuendelea kupiga vilevile kama zamani au ilibidi wabadilike? Haya, tuwaweke Queen hapo. Mwaka 1975 wanatoa Bohemian Rhapsody, karibu dakika sita nzima wakati nyimbo za redio zilikuwa dakika tatu, na zile sauti unazosikia kama kwaya ya watu mia ni watu watatu tu, Freddie, Brian May na Roger Taylor, wanaimba, wanarekodi, wanaimba tena juu yake, wanarekodi, mpaka May anasimulia kwamba kanda ilichakaa kiasi kwamba ukiiinua unaona mwanga upande wa pili. Halafu katikati ya yote hayo mtu anaita Bismillah! Mimi nilikuwa darasa la sita siku kaka yangu mkubwa, aliyekuwa baharia, alipokuja na ile kaseti nyumbani Tanga, na bibi aliposikia lile neno alitoka jikoni na mwiko mkononi akasema rudisha, rudisha nisikie.

Lakini kilichonifanya niwaweke Queen kwenye tano bora siyo huo wimbo, ni We Will Rock You wa 1977. Brian May aliona mashabiki wanaimba kwa nguvu kuliko bendi, akafikiria, mtu aliyebanwa katikati ya umati anaweza kufanya nini? Anaweza kukanyaga chini na kupiga makofi. Basi wakaingia studio wakakanyaga mbao, mguu, mguu, kofi, wakarudia na kurudia mpaka ikasikika kama uwanja umejaa. Dramu hakuna, besi hakuna, gitaa linangoja mpaka mwishoni. Yaani walimfanya shabiki kuwa chombo cha muziki. Ndiyo maana tarehe 13 Julai 1985 pale Wembley, kwenye tamasha la hisani la Live Aid, walipewa dakika kama ishirini tu na zikawatosha, mikono zaidi ya elfu sabini inapiga kofi kwa pamoja kwenye wimbo wao Radio Ga Ga. Nenda uwanja wowote wa mpira leo, ile mguu, mguu, kofi utaikuta. Mwambie mjomba Unguja haikuhusika hapo.

*Mzee, hiyo listi yako siikubali. Led Zeppelin waliiba nyimbo za watu weusi wa Marekani, wakatajirika, wenyewe wakabaki maskini. Unawaitaje wakubwa?* Msomaji wa Nairobi

Ndugu yangu, hili sitalizunguka kwa sababu lina ukweli mwingi. Whole Lotta Love yao ya 1969 ina maneno yaliyotoka kwenye wimbo wa mtunzi wa blues Willie Dixon ambao mwimbaji Muddy Waters alishaurekodi, na jina la Dixon halikuandikwa. Dixon alikwenda mahakamani mwaka 1985, wakamalizana nje ya mahakama 1987, na siku hizi jina lake lipo. The Lemon Song yao nayo ni Killing Floor ya mwimbaji mwingine wa blues, Howlin' Wolf, iliishia hivyohivyo kwa makubaliano. Hiyo ni dhuluma, sina jina lingine la kuipa, na mtu akiwashusha nafasi kwa sababu hiyo simlaumu.

Ona tofauti na Rolling Stones. Hata jina lao limetoka kwenye wimbo wa Muddy Waters na hawakuwahi kuficha. Mwaka 1965 walialikwa kwenye kipindi cha televisheni Marekani, Shindig!, wao wakasema tutakuja lakini na Howlin' Wolf awepo, na siku ile vijana wa London waliokuwa wanapigiwa kelele na wasichana kila kona walikaa chini kwenye jukwaa wakimtazama yule mzee mweusi akiimba, Wamarekani wengi ndiyo mara yao ya kwanza kumwona mtu ambaye ni wa kwao wenyewe. Hiyo ndiyo adabu ninayoitaka.

Sasa kwa nini Zeppelin bado wamo? Kwa sababu ya mpiga dramu wao, John Bonham. Tafuta When the Levee Breaks, ipo kwenye albamu yao ya 1971, ile isiyo na jina. Wimbo wenyewe ni wa Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy, waliurekodi 1929, unahusu mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya 1927, na safari hii jina la Memphis Minnie liliandikwa. Walirekodi kwenye jumba kuukuu huko mashambani Uingereza linaitwa Headley Grange, zamani lilikuwa nyumba ya kulelea maskini. Dramu ziliwekwa chini ukumbini mlangoni, na fundi mitambo Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili juu kabisa kwenye ngazi, ghorofani huko, ziko mbali na dramu. Kwa hiyo unachosikia siyo ngozi ya dramu tu, unasikia na jumba linaitikia. Kila pigo linapanda ngazi ndipo likufikie. Vaa hedifoni, zima taa, usikilize sekunde thelathini za mwanzo kabla gitaa halijakolea, halafu uniandikie tena. Mapigo yale rapa Dr. Dre aliyachukua kwenye albamu yake ya 1992, maana yake ngoma iliyopigwa juu ya wimbo wa mama mweusi wa Memphis ilirudi tena kwa vijana weusi wa California. Na Bonham alipofariki Septemba 1980, miaka 32 tu, wenzake hawakutafuta mtu wa kuziba pengo, Desemba wakatangaza basi. Walijua bila yule mtu bendi haipo.

*Shikamoo anko. Mbona Creedence hawamo? Baba yangu hapa Mwanza ananuna.* Binti wa Mwanza

Marahaba mwanangu. Mpe baba pole, na mwambie kwamba nyumbani kwangu Creedence Clearwater Revival wanapigwa kuliko hao watano wote. Mwaka 1969 peke yake walitoa albamu tatu, zote nzuri, na kule Marekani nyimbo zao tano ziliishia namba mbili kwenye chati bila hata moja kufika namba moja, kitu ambacho kinaniuma mpaka leo. Kilichowaangusha kwangu ni kile kipimo, waliokuja nyuma hawakulazimika kubadilika, Creedence walichukua njia iliyokuwepo wakaitembea vizuri kuliko wenyewe. Ninaowapenda zaidi na walio wakubwa zaidi ni mafungu mawili tofauti, na kwangu Creedence ni wa fungu la kwanza, juu kabisa.

*Kaka, mume wangu ana Black Sabbath asubuhi, mchana na jioni. Mimi nasikia makelele na mambo ya kishetani. Kweli na hawa ni wakubwa?* Dada wa Likoni, Mombasa

Dada yangu, nakuelewa, ule mlio unatisha na wenyewe walitaka utishe. Ila ngoja nikuhadithie kuhusu mpiga gitaa wao, Tony Iommi. Alikuwa kijana wa miaka 17 Birmingham, anafanya kazi kiwanda cha vyuma, na siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye ni mashoto, kwa hiyo huo ndio mkono anaobania nyuzi. Madaktari wakamwambia sahau gitaa. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akatengeneza vifuniko vidogo vya vidole, akabandika ngozi juu visiteleze. Vikafaa, lakini nyuzi za kawaida zilimuumiza, akatumia nyembamba, na baadaye akazilegeza kabisa ili asilazimike kukandamiza sana, na uzi ukilegezwa sauti inashuka, inakuwa nzito, ya chini, inatambaa. Hiyo nzito unayoisikia sebuleni kwako ndiyo hiyo, imetoka kwenye vidole vya mfanyakazi wa kiwandani. Albamu yao ya kwanza waliirekodi kwa siku moja tu, ikatoka Februari 1970, na watu wote wanaopiga roki zito linaloitwa metali leo wanakula kwenye sahani ile.

Kuhusu ushetani, usiogope sana. War Pigs ni wimbo wa kuwalaani wakubwa wanaopeleka watoto wa maskini vitani wakati wao wamekaa, muombe mumeo akutafsirie.

Na tarehe 5 Julai 2025 wale wanne wa mwanzo walipanda jukwaa moja kwa mara ya mwisho, Villa Park, palepale Aston walikokulia. Mwimbaji wao Ozzy Osbourne alikuwa mgonjwa wa Parkinson, hawezi kutembea, akaimba amekaa kwenye kiti. Siku 17 baadaye akafariki. Iommi alikuwa pembeni yake anapiga, na vifuniko vyake vidoleni.